Raba Zilizopigwa Msasa

Fundi huyu wa baiskeli watu walimwita Msasa, na jina hilo hakuliokota barabarani. Ukimpelekea kitu kibovu, hatupi. Pedeli imevunjika, ataichomelea. Cheni imeshikwa na kutu, ataiogesha mafuta ya taa mpaka ikumbuke ujana wake. Raba za breki zikikauka zikawa ngumu kama kwato, wewe ukadhani leo ndiyo mwisho wake, mwenzio anachukua kipande cha msasa, anazisugua, anazirudisha mahali pake. "Hizi bado zina uhai," anasema. Wateja walimtania kwamba hata jino likimuuma, Msasa atalipiga msasa. Lakini walirudi, maana kwake mtu hakuibiwa.

Msije mkasema ni ubahili. Mzee yule alikuwa na mkono mkunjufu, na aliyekwama njiani alimtengenezea bure. Yalikuwa mazoea tu. Na mazoea, jamani, ni mabaya kuliko ubahili, kwa sababu bahili angalau anajua anachokifanya.

Mazoea hayo ndiyo yaliyomchukua mwanawe wa pekee. Kijana alikuwa akipeleka dawa za zahanati kwa wagonjwa wasioweza kutembea. Siku nyingi njia yake ilikuwa lami tupu, lakini siku mbili kwa wiki alipanda vijia vya msituni, kule ambako gari haliingii. Mvua zilipoanza, alipita dukani akiwa na haraka zake.

"Baba, nibadilishie raba za breki. Kule juu kumeshaanza utelezi."

Raba mpya zilikuwa zimetundikwa msumarini, hatua mbili kutoka pale alipoketi. Mzee akazibonyeza zile za zamani kwa kidole gumba. "Hizi bado zina uhai," akasema, akachukua msasa. Kijana akacheka, akamwambia, "Baba na msasa wako!" Kesho yake, kwenye mteremko wa mwisho kabla ya daraja, breki hazikushika.

Msibani kila mtu alisema ni mvua. Ajali haina kinga, walisema, kazi ya Mungu haina makosa. Msasa alikuwa akiitikia kwa kichwa. Waliporudisha baiskeli iliyopondeka, alijifungia nayo ndani akazifungua raba zile. Zilikuwa zimelika mpaka chuma kikachungulia. Akazitia kwenye kopo la misumari, akaliweka rafu ya juu kabisa, asimwambie mtu. Miezi minne sasa.

Aliyebaki kwake duniani alikuwa mkwewe, mjane wa kijana yule, na mjukuu wa kike wa miaka minne. Mke wake mwenyewe alishatangulia zamani. Kila Jumapili mkwe alimletea mtoto kwenye chumba chake nyuma ya duka, wakala pamoja, mtoto akakaa kwenye kigoda chake kidogo na kumwuliza babu maswali mia. Wiki nzima mzee aliisubiri siku hiyo. Akifikiria kusema, aliiona Jumapili inaondoka. Basi akanyamaza.

Ijumaa moja mchana, mvua ikilipiga bati mpaka watu hawasikiani, mkwe aliingia dukani akikung'uta mwavuli.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mvua yote hii? Mtoto mzima?"

"Mzima, yuko kwa jirani. Baba, nimepata kazi." Akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyelisahau. "Zahanati wamenipa nafasi ya marehemu. Naanza Jumatatu. Nimekuja uniuzie baiskeli."

Mzee alishika ukingo wa meza. Njia ileile. Mteremko uleule. Angemwambiaje asiende, na mtoto anataka kula?

"Hongera," akasema. "Njoo uchague."

Zilikuwepo tatu, zote za mitumba. Ya kwanza ilikuwa nyembamba, tairi zake laini. "Hii ya wachumba wa mjini," mzee alisema. "Kwenye tope itakulaza chini kabla hujapiga kengele." Mkwe akacheka. Ya pili ilikuwa ya bluu, tairi pana zenye meno, shokapu mbele za kumeza mashimo, breki za raba. Ya tatu ilikuwa ya kijivu, nzito, kiti kimechanika, haina shokapu hata moja, lakini ilikuwa na breki za diski magurudumu yote mawili.

"Chukua hii ya kijivu," mzee alisema. "Shokapu za bei rahisi ni urembo tu. Zinaongeza uzito, zikinywa maji zinakufa. Wewe angalia tairi, angalia madigadi yasikurushie tope mgongoni, halafu angalia breki. Diski iko katikati ya gurudumu, mbali na tope. Mvua inyeshe itakavyo, inashika."

Mkwe hakuwa akiitazama ya kijivu. Alikuwa ameshika usukani wa ile ya bluu, akiupapasa.

"Inafanana na yake, baba."

"Zinafanana rangi tu."

"Mtoto bado anasimama dirishani jioni. Akisikia kengele anakimbia. Nataka akiniona nakuja, aone kitu anachokijua." Akaupapasa tena usukani. "Na bei yake naiweza. Ile nyingine siiwezi."

"Nitakupa ya kijivu kwa bei ya hii."

"Sitaki kuhurumiwa, baba. Nimehurumiwa miezi minne, nimechoka."

"Si huruma, mwanangu. Breki za raba kwenye tope..."

"Breki ni breki! Si wewe mwenyewe uliyekuwa ukimfungia? Kama zilimfaa yeye, na mimi zitanifaa. Mvua ndiyo iliyomwua mume wangu. Breki zake alikuwa akizikagua baba yake, nani angezikagua vizuri zaidi?"

Alisema hivyo kwa imani kabisa, ndipo mzee akashindwa. Angeweza kumdanganya tena. Angeweza kusema ile ya bluu imeshanunuliwa, au fremu yake ina ufa. Lakini mkwe angekwenda duka la pili, akanunua nyingine kama hiyo, akashuka nayo mteremko ule huku akiamini kwamba breki ni breki. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio kimoja alikuwa nacho tayari.

Akapanda kwenye stuli, akalishusha kopo. Akalimimina mezani, misumari ikatawanyika. Akazitoa raba mbili, akaziweka mbele yake.

"Hizi zilikuwa zake," akasema. "Aliniomba mpya. Mpya zilikuwa pale msumarini. Nikazipiga msasa hizi, nikamwambia bado zina uhai. Jua likiwaka zingeshika. Kwenye mvua hazishiki, na mimi fundi nilijua. Si mvua, mwanangu. Ni mimi."

Mkwe aliichukua raba moja. Akapitisha kidole pale chuma kilipotokeza, mara moja, mara ya pili. Mvua iliendelea kupiga bati. Mzee alitaka mkwe amtukane, amrushie lile kopo, apige yowe watu wajae. Laiti angelia tu.

Mkwe akaiweka ile raba chini, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Akaiacha ile ya bluu. Akaiendea ya kijivu, akalinyanyua gurudumu la mbele, akalizungusha, akabana breki. Gurudumu likasimama papo hapo. Akafanya hivyo hivyo nyuma.

"Nachukua hii," akasema bila kumtazama. "Nitajie bei yake. Ile unayomtajia kila mtu, fundi."

Miaka sita alikuwa akimwita baba. Mzee akataja bei. Mkwe akatoa alichokuwa nacho, akavua pete ya ndoa, akaiweka juu. "Nitakuja kuikomboa mwisho wa mwezi." Mzee akataka kuirudisha, akaona macho yake, akaiacha pale mezani. Mkwe akausahau mwavuli, akaikokota baiskeli mvuani.

Jumapili mzee alifagia, akapika, akakitoa kigoda cha mjukuu na kukifuta vumbi. Chakula kikapoa. Majuto ni mjukuu, watu husema, na mjukuu mwenyewe hakuja.

Jumatatu alifungua duka kabla ya wenzake wote. Mvua ilikuwa kubwa. Duka lake liko chini ya mteremko wa lami, pale barabara inapokutana na nyingine, na kila anayekwenda zahanati lazima apite hapo. Alisimama mlangoni tangu kulipopambazuka. Hatimaye akamwona mkwe anashuka, koti la mvua la marehemu limemzidi mabega, maji yanaruka pande zote. Lori likatokea upande wa pili.

Breki zikalia. Baiskeli ikasimama pale pale, mguu mmoja ukagusa lami. Lori likapita. Mkwe akakanyaga pedeli akaenda zake, hakugeuza shingo kulitazama duka.

"Zimeshika," mzee alisema, wala hapakuwa na mtu wa kumsikia. Akarudi ndani, akaketi kwenye kigoda cha mtoto, akalia.