Unga Uliofika Nyumbani

Kila asubuhi kabla ya kazi, mpiga pasi wa duka la dobi alipita kwenye chumba cha utafiti, akakorogewa unga wa kreatini kwenye glasi ya maji, akaumaliza mbele ya muuguzi. Unga huo huipa misuli nguvu. Watafiti walitaka kujua mwili unapokea kiasi gani, na tumbo linavumilia kiasi gani. Pacha wake, ambaye misuli ilikuwa imemwisha akawa wa kitandani, ndiye aliyeomba kwanza kujiunga na utafiti huo. Walimkataa. Walitaka wenye afya.

Tumbo la mpiga pasi lilivurugika tangu glasi ya kwanza. Siku hiyohiyo, nyumbani, pacha wake aliketi bila kuinuliwa. Baadaye akasimama, akachota maji, akasogeza kabati afagie nyuma yake.

"Unakunywa wewe, nanenepa mimi," alisema pacha.

"Nenepa tu, mwenzangu. Ila zamu ya pasi ikifika usijifiche."

Wakacheka, wakasali, wakalala.

Mpiga pasi alijikaza. Kazini alishika pasi kwa mkono mmoja na tumbo kwa mwingine, na glasi hakuiacha. Kisha muuguzi akamwita.

"Dada, damu yako haina kitu. Mwili wako haupokei unga. Tunakutoa."

"Unapokelewa nyumbani, kwa pacha wangu. Niacheni niendelee."

"Basi mlete tumpime," alisema muuguzi.

Pacha alikuja kwa miguu yake. Alikiminya kifaa cha kupimia nguvu za mkono mpaka mshale ukagota. Damu yake ilijaa kreatini. Mtafiti mkuu aliyasoma majibu, akaridhika.

"Unga umefika vizuri," alisema. "Lakini huyu hakunywa, na wewe uliyekunywa hukupata. Siwezi kumhesabu hata mmoja."

"Basi mpeni anywe mwenyewe."

"Haiwezekani. Huyu ni mgonjwa."

Mgonjwa alikuwa amelinyanyua benchi la ukumbini ili watu wapite. Glasi akapewa aliyefuata kwenye foleni, mnyanyua vyuma mwenye shingo nene.

Siku chache baadaye miguu ya pacha ililegea tena. Mpiga pasi aliomba ruhusa kazini, akasali, akambeba mgongoni hadi jengo jingine la utafiti.

"Hapa mnajaribu nini?" alimuuliza mlinzi.

"Vidonge vya usingizi."

"Twende mbele," alisema pacha kutoka mgongoni. "Usingizi ninao wa kutosha."

Mpiga pasi akamweka sawa, akashika njia.