Sauti Niliyoiandika Mengineyo

Jana, baada ya wali na maharage, nilijilaza kwenye kochi nikaota kwamba diski ya laptopu yangu imetandazwa nyumbani kwetu Uru, pana kama kihamba kizima, shamba letu la migomba, inasubiri kugawanywa. Sikushangaa. Kilichonisumbua ni kwamba nimevaa kandambili na majirani wote wamefika.

Mpimaji alikuwa mama mnene mwenye miwani na kamba ya kupimia.

"Mimi ndiye programu ya kugawa diski," akasema. "Mwenye mali nani?"

"Mimi, Mringi."

"Nenosiri?"

Nikalitaja mbele ya umati. Jirani mmoja akaguna, akasema ni fupi mno kwa mtu mzima.

Mzee Windows alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya migomba, nadhifu, ana madirisha manne kifuani na mapazia yake yamefungwa. Begi lake lilikuwa miguuni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Miaka tisa nimekaa kwako, Mringi. Sina neno. Naondoka."

"Laptopu imezeeka, mzee. Linux anayekuja kuiendesha badala yako anakula kidogo."

"Sikatai. Ila wenzako hutugawia, mmoja huku na mwingine kule, na asubuhi mtu anachagua nani aamke. Hukuweza?"

Ningeweza. Maelezo yalikuwa kurasa nne tu na mimi niliona tabu kuyasoma. Huo ndio ukweli, na nilimwambia hivyohivyo.

Linux akaingia getini, msichana mwembamba mwenye boksi la vifaa, hana hata muda wa kukaa. Anauliza mzizi uko wapi ili aanzie hapo. Namwonyesha mgomba, anauchimbua, anafurahi. Kisha anapima gigabaiti nne pembeni, anasema hapo ni pa kumbukumbu kupumzika ikizidiwa. Kumbukumbu yangu inatokea nyuma ya banda la ng'ombe, inajilaza hapo na viatu vyake na kuanza kukoroma.

Tukafika upande wa pili, Diski D. Palikuwa na kibanda kimefungwa, na ndani mtu anakohoa. Nilikijua kikohozi kile. Ni cha baba, na baba tulimzika mwaka juzi.

Krismasi yake ya mwisho tulikuwa tumerudi nyumbani kama wanavyorudi watu wote wa kwetu, isipokuwa mdogo wangu Ndeshi. Yeye na baba hawakuwa wakisemezana kwa miaka sita, na Krismasi alibaki kwake Tunduma. Baba aliomba nimwekee laptopu irekodi, akatutoa chumbani. "Hii ni ya Ndeshi," alisema. "Msisikilize." Akaongea dakika arobaini peke yake. Hatukusikiliza. Na mimi sikuituma. Mara bando limeisha, mara faili ni kubwa, mara nitampelekea mwenyewe kwenye flashi. Baba akafa, Ndeshi akaanza kuiulizia, na mimi nikaendelea kusema wiki ijayo.

Mpimaji akasoma kibao cha mlangoni. "Kimeandikwa Mengineyo."

"Nilikuwa na haraka siku hiyo."

"Naona Vyeti umevihamisha. Picha za Harusi umezihamisha. Hata Risiti za Bati umezihamisha." Akavua miwani. "Huyu wa Mengineyo?"

Nilitaka kusema asubiri. Lakini kidole changu cha shahada kikajibu kabla yangu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuvaa koti aondoke.

"Futa vyote."

"Una uhakika?"

"Ninao," kikasema kidole.

"Hakuna kurudi nyuma. Una uhakika?"

"Mama, tuna kazi nyingine," kikasema kidole. Kidole ni changu, sitakisingizia. Hata wiki tatu zilizopita, nikiwa macho, kilibonyeza hivyohivyo huku nikinywa chai.

Nilidhani patawaka moto. Hapakuwaka kitu. Mpimaji alipita tu kwenye mipaka aking'oa masale, yale majani marefu ambayo kwetu hupandwa kutenganisha shamba na shamba. Alipong'oa la mwisho, kibanda kikawa hakipo, na kikohozi kikawa kinasikika kila mahali kidogo kidogo.

"Bado yumo," akaniambia. "Nimeondoa mipaka tu. Sasa hakuna ajuaye anaanzia wapi na anaishia wapi."

Nikapiga magoti, nikachimba kwa mikono. Nikapata "Ndeshi mwanangu." Nikapata kikohozi. Nikapata "ile siku." Nilipoendelea, kucha zikagonga saruji mbichi. Linux alikuwa amekwisha kumwaga sakafu na anaisawazisha kwa ubao.

"Samahani sana, kaka," akasema. "Niliambiwa hapa ni patupu."

Nililia pale chini kama mtoto, na majirani wakatazama pembeni kwa adabu.

Mpimaji akachagua isale moja kati ya aliyoyang'oa, akalifunga fundo. Hakuna mtu wa kwetu asiyejua maana yake. Ukimkosea mtu unampelekea isale lenye fundo, naye akipelekewa hawezi kukataa kukusamehe.

"Mpelekee mwenye sauti," akasema.

"Baba amekufa."

"Sauti haikuwa ya baba yako. Ilikuwa ya aliyeachiwa."

Nikalipokea, na nilipoinuka nilikuwa jikoni kwa Ndeshi, Tunduma. Anakata sukuma wiki. Hashangai kuniona.

"Karibu, kaka. Umeileta?"

"Nimeifuta."

Kisu kinasimama.

"Wiki iliyopita ulisema bado unaitafuta."

"Nilikudanganya, mdogo wangu. Nimeifuta kwa mkono wangu, kwa uvivu, na kabla ya hapo niliikalia miaka miwili. Nisamehe."

"Alisema nini?"

"Hakuna anayejua. Alitutoa nje. Nimechimba nikapata 'Ndeshi mwanangu' na 'ile siku.' Baada ya hapo ni saruji."

"Siku ipi?"

"Sijui."

Anaweka kisu mezani taratibu. "Zilikuwa siku mbili, Mringi. Moja nilimkosea mimi. Moja alinikosea yeye. Ni ipi?"

Namnyooshea isale kwa mikono miwili. Analitazama, maji ya sukuma yanamchuruzika vidoleni.

Nikaamka. Jua lilikuwa bado kali, na mke wangu alikuwa uani akianua nguo. Simu ilikuwa kifuani kwangu, ya moto. Niliitazama kujua ni saa ngapi, nikaona nimempigia Ndeshi na tumeongea dakika kumi na nane. Chini yake palikuwa na ujumbe wake.

"Isale nimelipokea kwa sababu halikataliwi. Lakini leo usinipigie tena."