Shamba la Kamanthe Lilipokuwa Bahari

Siku ya Jumanne, Kamanthe alitoka na jembe kwenda kupalilia mbaazi, akakuta shamba lake la Kalama limekuwa mikoko. Maji ya chumvi yalifika kwenye kizingiti cha jikoni, na kaa walikuwa wakipanda ukuta. Akawahamishia mbuzi wake juu ya kichuguu, kisha akampigia simu naibu wa chifu.

Mwanzia, naibu wa chifu, alifika pamoja na Kisilu, shemeji yake Kamanthe. Tangu mazishi ya kaka yake, mume wa Kamanthe, Kisilu alikuwa akisema mjane hana shamba.

"Kamanthe, hii ni bahari," Mwanzia alisema, akikunja suruali. "Bahari ni ya serikali."

"Na mbaazi zangu?"

"Hizo sijaziona."

Jumatano palikuwa jangwa, na ngamia wanne walisimama pale penye mpapai. Alhamisi ukaota msitu wa mianzi wenye ukungu baridi. Mwanzia alirudi siku zote mbili. Jangwa, alisema, ni la wafugaji. Msitu ni wa serikali tena.

Lakini kilichomchanganya Kamanthe zaidi ni yeye mwenyewe. Siku ya mikoko alisalimia watu kwa lafudhi ya Lamu. Siku ya jangwa alijua visima vilipo. Jumapili kanisani aliimba kwa Kirendille, lugha ya wafugaji wa ngamia, na jirani yake Loise, aliyeketi kando yake, akasogea tu na kumfungulia ukurasa wa wimbo.

"Kwani mimi ni wa wapi?" alimwuliza Mwanzia baada ya ibada.

Mwanzia alipekua fomu zake. "Hapa wanauliza jina la mume tu."

Jumatatu udongo mwekundu ulirudi, mkavu vilevile. Kamanthe aliuchota kwa mikono miwili, akalia kwa furaha, mpaka alipomwona Mwanzia akija na Kisilu na mpima ardhi.

"Kama ni udongo huu, basi ni wa ukoo," Mwanzia alisema.

Kisilu alitia sahihi kwenye fomu bila kumtazama Kamanthe.

Kamanthe alihamia Mwala, kwa dada yake Syombua. Asubuhi ya kwanza wakakuta ziwa limejaa heroe, ndege wa rangi ya waridi, mpaka mlangoni mwa choo.

"Hili ni lako?" Syombua aliuliza.

"Sijui. Lakini hao ndege, ni kama nawajua kwa majina."

Maji yalikuwa ya magadi, hayanyweki. Wakabeba mitungi, wakapita katikati ya ndege polepole, wakaenda kuchimba maji kwenye mchanga wa mto.