Kabla ya Kukata Utepe

1.

TANGAZO
Ofisi ya Serikali ya Kijiji, Mrindi

Wananchi mnaarifiwa kwamba mlingoti wa mawasiliano, uliojengwa kwa ushirikiano wa nchi tatu wahisani na Serikali yetu, umekamilika. Ni marufuku kuugusa, kuuegemea, kuanika nguo kwenye uzio wake, au kuuliza-uliza utawashwa lini. Utawashwa siku ya uzinduzi.

Siku ya uzinduzi mtatangaziwa.

Mbonea, Mwenyekiti

2.

Hapo kwenye nguo alinilenga mimi. Mbonea ananijua. Naitwa Nietiwe, nyumba yangu ndiyo ya mwisho kabla ya uzio, na waya ule umenyooka vizuri, jua linaupiga tangu asubuhi. Sasa niache?

Wewe unayesoma, sogea nikueleze, maana hapa watasema watu wengi na wengine wana Kiswahili cha ofisini. Nimeolewa kwenye nyumba yenye mawifi wawili. Mkubwa ni Siaeli. Hasikii na hasemi tangu kuzaliwa. Mdogo ni Nakiete, na huyo ndiye alikuwa akimsemea. Wamezungumza kwa mikono tangu wakiwa watoto, lugha yao wenyewe, hawakufundishwa na mtu. Siaeli akirusha vidole, Nakiete anageuka: "Anasema mchicha wenu una mchanga." Tukazoea hivyo. Nani ahangaike kujifunza, na Nakiete yupo?

Sasa Nakiete hayupo. Yuko Dar es Salaam, hospitali, ana uvimbe kooni. Wamemtoboa shingo apate kupumua, na hawezi kutoa neno. Kuandika hajui.

3.

(Siaeli)

Sijui sauti ni nini.
Nakiete aliniambia inatoka hapa, akaweka kiganja changu shingoni mwake, akacheka. Shingo ikatetemeka mkononi mwangu kama paka.

Aliniambia inatutosha sote wawili.

Kitanda chake hakijalaliwa. Nawauliza watu yuko wapi. Wananionyesha mlima wa mbali, kisha wananipa chakula.

Mimi sijauliza chakula.

4.

Kwa: Sekretarieti ya Wabia
Kutoka: Rwezaula, Mratibu wa Mradi, Mrindi
Kuh: Hali ya maandalizi

Yaliyokubaliwa: rangi ya fulana, wimbo wa watoto, mgeni rasmi kubonyeza kitufe akiwa nchini kwake, kwa njia ya video, wakalimani wa lugha zote tatu.

Yasiyokubaliwa: bendera ya nani itakaa kulia.

Naomba mwongozo.

5.

Ukitaka kupiga simu Mrindi unapanda kwenye jiwe, juu ya shamba la tangawizi. Hapo sauti inapatikana kidogo, picha hapana. Kwa sababu ya jiwe hilo, kwenye ramani ya watu wa simu eti sisi tayari ni watu wenye mawasiliano. Nimelipanda nikiwa na magoti haya.

"Haloo, mama Nietiwe? Ni Sista Pendaeli, wa wodini."

"Nakusikia, Sista. Niambie."

"Daktari anataka kumfanyia upasuaji. Ataondoa sehemu yote inayotoa sauti. Akiiacha, uvimbe utamwua. Akiiondoa, mgonjwa hatasema tena maisha yake yote."

"Mungu wangu. Na yeye anasemaje?"

"Ndiyo shida, mama. Nikimwambia atikise kichwa, hatikisi. Hakubali wala hakatai. Ananionyesha kitu kwa mikono, kilekile, tangu juzi. Anakunja ngumi, anaiweka kifuani, anaifungua, anazungusha."

"Anazungusha kwenda wapi?"

"Sasa mama, nitakuelezaje kwenye simu?"

"Jaribu."

"Kama... kama mtu anayekoroga. Hapana. Kama anayefungua... Haloo? Daktari anasema mwisho Ijumaa. Haloo?"

Ikakatika.

6.

Nikashuka kwenye jiwe nikirudia njia nzima: ngumi, kifua, fungua, zungusha. Nikamkuta Siaeli uani. Nikasimama mbele yake nikafanya kama nilivyoambiwa.

Akanitazama kwa makini sana.

Akanyanyuka, akajikokota na nyonga yake mbovu mpaka jikoni, akaniletea kinu.

Nikafanya tena. Akarudi ndani, akaniletea na mchi.

Nilicheka, jamani, nisikufiche. Kisha nikakaa juu ya kile kinu nikalia. Daktari anasubiri jibu, jibu liko kwenye mikono ya Nakiete, na mimi naulizia uhai wa mtu napewa vyombo. Kinachotakiwa ni wale wawili waonane. Kuonana tu. Na mashine ya kuonana imesimama hatua chache kutoka kwangu, imezungushiwa uzio.

7.

"Mwenyekiti, washeni hata kidogo."
"Mama Nietiwe, siyo taa ya chumbani kwako ile."
"Tuliupandisha sisi."
"Najua."
"Vipande vile tulivibeba mabegani tangu bondeni. Barabara hakuna, hao wahisani wangeupandisha kwa uchawi?"
"Najua, mama. Na mimi nilibeba. Uzinduzi ni Alhamisi. Vumilia, Alhamisi ni kabla ya Ijumaa."

8.

TANGAZO
Ofisi ya Serikali ya Kijiji, Mrindi

Uzinduzi uliopangwa kufanyika Alhamisi umeahirishwa hadi wiki ijayo, ili kuwapa wabia nafasi ya kukamilisha mashauriano kuhusu mpangilio wa bendera. Siku hiyo ya Alhamisi yatafanyika mazoezi ya sherehe mbele ya kamera. Wananchi wote wahudhurie, wavae fulana, wakae kwenye viti kwa furaha.

Tunaomba radhi kwa

9.

Halikumalizika tangazo hilo. Mbonea alikuwa akiliandika kwa mkono wake mezani, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni.

Akaweka kalamu.

"Wiki ijayo," akasema.

"Wiki ijayo tutakuwa tunaazima maturubai ya msiba," nikamwambia.

Alitoka, akaiangua pembe ukutani.

10.

Kama hutoki Upareni, simama hapa nikuelekeze. Pembe ikilia asubuhi, ni msaragambo. Kila nyumba inatoa mtu. Iwe mfereji, iwe njia, iwe paa la mjane, huulizi kazi gani, unatoka na jembe lako. Usipotokea, hakuna atakayekupiga. Ila siku ukifiwa utachimba kaburi mwenyewe.

Alhamisi, jua ndiyo linatoka, pembe ikalia.

11.

(njiani, watu wakipanda)

"Kazi gani leo?"

"Kumshusha Siaeli kwa machela, mpaka Same. Huko mtandao wa picha upo."

"Na mazoezi ya viti?"

"Viti vina miguu, vitakaa vyenyewe."

"Mlingoti tuliupandisha, Siaeli atatushinda?"

"Mlingoti haukuwa na nyonga. Tembeeni taratibu."

12.

Kwa: Sekretarieti ya Wabia
Kutoka: Rwezaula, Mratibu wa Mradi

Mazoezi yameanza. Kamera iko hewani. Wakalimani wote wameungana nasi. Viti vimepangwa. Wananchi

13.

hawapo.

14.

Tulipita mbele ya kamera yake, siyo kwa makusudi, njia ya kushukia ndiyo hiyo. Wanaume wanne na machela, Siaeli juu yake amejifunika khanga, sisi wengine nyuma. Rwezaula alikuwa peke yake katikati ya viti vitupu, ameshika kishikwambi. Si mtu mbaya yule kijana. Amevaa viatu vya mjini, vimeshamla vidole, na mlima kaupanda hivyohivyo.

Kwenye kioo cha kishikwambi nikaona nyuso. Wahisani watatu, Wazungu wawili na mmoja wa Asia, na wakalimani wao, mmoja Mtanzania mwenye tai. Wanacheka. Wanachezesha midomo. Wanapunga mkono.

Nikasimama.

"Baba, hao wako wapi?"

"Kwao, mama. Nchi mbalimbali."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Yaani mtandao upo?"

Akawa hana pa kutazama. "Tumewasha kwa ajili ya mazoezi tu, mama. Nikimaliza nazima. Si ruhusa..."

Hapo nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuipata tangu nizaliwe. Nilimweleza ya Nakiete wodini na ya Ijumaa, nikaongeza maneno ambayo siyaandiki. Mkalimani mwenye tai aliyasikia, kwa sababu niliona mkono wake ukienda mdomoni. Mmoja wa wale Wazungu akamwuliza kitu. Mkalimani akababaika. Akamweleza, nadhani kwa ufupi.

Yule Mzungu akaacha kucheka. Akasema maneno machache.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema..." Rwezaula akaanza kubonyeza kioo. "Anauliza kwa nini bado hatujapiga simu wodini."

15.

Inaita.

Inaita.

16.

Wodi, kwenye kioo kilekile, nyuso za wageni zimesogea pembeni. Dari. Kidole cha Sista Pendaeli, kikubwa. Kisha

Nakiete.

Amekonda. Bandeji shingoni, mpira umetoka katikati yake. Macho ni yake.

Tulimwekea Siaeli kishikwambi mapajani, machela tumeiteremsha chini kati ya viti. Mwanzoni alidhani ni picha. Alipangusa kioo kwa khanga. Picha ikampungia mkono.

17.

(Siaeli)

Wewe!

18.

Mikono ile! Sijui nikuambieje. Kwa muda wote huo tulikuwa tukimwona Siaeli akijibanza pembeni kama mgeni kwenye nyumba ya baba yake, kumbe ana maneno mengi kiasi kile. Vidole vilikimbizana. Nakiete akajibu kwa mkono mmoja, wa pili una sindano. Siaeli akamgombeza kuhusu jambo, tuliona wazi ni kugombeza. Nakiete akacheka bila sauti, mpira ukatikisika, Sista akaushika. Kisha Nakiete akakunja ngumi, akaiweka kifuani, akaifungua, akazungusha.

Haikufanana hata kidogo na niliyoifanya mimi.

Siaeli akatulia. Akaweka kiganja kwenye kioo, pale penye shingo ya mdogo wake. Akakaa hivyo. Alipokiondoa alisema jambo refu, polepole, na Nakiete akafumba macho akalisikiliza, ndiyo, nimeandika akalisikiliza, kisha akakumbuka akayafumbua aone lililobaki.

Wakamaliza.

19.

"Haloo? Haloo huko?" Sista Pendaeli. "Daktari yuko hapa nami. Nimemwuliza mgonjwa amekata shauri gani, anatuonyesha huko. Anamnyooshea kidole dada yake. Jibu amempa yeye. Mwulizeni jamani, amesemaje?"

20.

Walikuwepo wakalimani wa lugha tatu. Alikuwepo Mratibu mwenye shahada. Mwenyekiti alikuwepo, na kijiji kizima, watu waliozaliwa na Siaeli, waliokula naye, waliomzika naye mama yake. Tukatazamana.

"Mkalimani ni nani hapo?" Sista akauliza.

Mkalimani wetu alikuwa hukohuko kwake, amelala kitandani.

21.

Siaeli akatuona tunavyoduwaa. Akaelewa kabla yetu. Akajivuta akakaa vizuri kwenye machela, akatutazama mmoja mmoja, na nilipofikiwa mimi niliona aibu.

Akatikisa kichwa juu chini. Kisha akakitikisa kulia na kushoto. Si ndiyo. Si hapana. Kuna neno katikati, tena neno refu.

Akainua mikono. Akaanza upya, taratibu, ishara ya kwanza peke yake. Akaishia hapo, akasubiri.

"Mama Nietiwe," Mbonea akaninong'oneza, "hiyo ni nini?"

"Sijui."

"Sasa tunafanyaje?"

"Daktari," nikasema kwenye kile kishikwambi, "usitoke. Tafadhali baba, usitoke hapo. Na wewe Rwezaula, ole wako uzime."

Nikapiga magoti mbele ya wifi yangu. Nikainua mikono yangu miwili, nikaiweka kama yake. Akakirekebisha kidole changu kimoja. Nikasikia fulana zikichakarisha nyuma yangu, nikageuka. Mbonea alikuwa ameinua mikono. Wabeba machela wameinua. Kwenye kioo, kwenye vyumba vyao vya mbali, hata wale wakalimani.

Siaeli akatukagua wote. Akakubali.

Akatuonyesha ya pili.