Kicheko cha Mama Kwenye Filamu ya Wenyewe

Marehemu mama yangu alicheka saluni Jumanne asubuhi, miaka miwili baada ya sisi kumzika. Mimi nilikuwa kwenye kiti, kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama wima, macho kwenye televisheni ya ukutani. Filamu ilikuwa mpya, ya mwaka huu, ya nje, imetafsiriwa kwa Kiswahili. Jeneza linashushwa kaburini, mjane anajigaragaza, na hapohapo ikasikika: "Ha! Ha-haaa! Uwii, jamani, ataniua huyu!"

Niliruka hadi msusi akabaki na nywele zangu mkononi.

"Huyo ni mama!"

"Mama gani?"

"Mama yangu mzazi! Rudisha nyuma!"

Hakurudisha. Aliniangalia kwa huruma, akanishauri ninywe maji. Nikajifunga kitambaa kichwani, nikatoka mbio.

Sasa nieleze, maana najua mnaniona chizi. Mume wangu wanamwita Sauti Saba. Anatafsiri filamu za nje: anaiweka filamu kwenye kompyuta, anashika kipaza sauti, anasema maneno ya watu wote, jambazi, polisi, bibi harusi, hadi mbwa. Studio ni chumba chetu cha kulala, godoro limeegemezwa dirishani kuzuia kelele za barabarani. Mama alipokuwa anaishi nasi alikaa sebuleni na ushonaji wake, kati yao pazia tu. Sauti Saba akibana pua awe bibi harusi, mama huko hoi, hana mbavu. Kicheko kinapenya pazia, kinaingia kwenye filamu. Angekuwa mtu mwingine angeambiwa anyamaze. Lakini nani amwambie mama mkwe wake anyamaze? Mume wangu alikuwa anakaa kimya, kipaza sauti mkononi, anasubiri mkwe amalize, ndipo anaendelea. Ajabu ni kwamba wateja walikipenda kile kicheko kuliko filamu zenyewe.

Nilimkuta mume wangu nyumbani, nikamtafutia ile filamu kwenye simu. Alisikiliza dakika moja, akakaa chini taratibu.

"Mke wangu, na hiyo sauti ni yangu. Lakini hii filamu sijawahi hata kuiona."

Tukaitazama hadi mwisho, na mwisho wake ukatueleza yote. Kulikuwa na tangazo la jamaa mmoja wa nchi jirani, anajisifu kwamba mashine yake inatafsiri filamu kwa siku moja, na namba ya simu kwa wanaotaka huduma. Kumbe alizichukua rekodi za mume wangu akailisha mashine, mashine ikajifunza kuongea kama yeye! Na chini yake, bila haya: "Haki zote zimehifadhiwa. Ukinakili tutakushtaki."

Nikapandwa na mori.

"Tuyaache," alisema Sauti Saba, ambaye ana sauti saba na hana hata moja ya kugombana.

"Sauti yako utaitetea mwenyewe. Mimi nataka mama yangu. Mama hajawahi kucheka msibani maisha yake yote! Hata kwa mjomba hakucheka, na mjomba alistahili."

Tukaenda Ofisi ya Hakimiliki, ghorofa ya tatu. Ushahidi niliubeba mwenyewe kwenye mkoba: diski ya ile filamu ya bibi harusi, iliyobaki peke yake baada ya kompyuta ya zamani kuungua. Afisa alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, feni inamzungukia kwa kujilazimisha. Nilimmwagia kisa chote, nikaipiga diski mezani kwa fahari. Kwenye jalada yupo mume wangu, ameshika bunduki ya mwigizaji wa watu, na kichwa cha mwigizaji mwenyewe kimekatwa kumpisha.

"Filamu hii ni ya nani?" aliuliza afisa.

"Yetu," nikasema.

"Mmeigiza nyinyi?"

"Tumeitafsiri."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Nilimgeukia mume wangu. Mume wangu alikuwa anaikagua dari.

"Mama mkwe hakukataa," akasema.

Afisa akavua miwani. "Nina miaka kumi na moja hapa. Nimeletewa wahalifu na polisi, na mahasimu wao, na majirani. Sijawahi kuletewa mhalifu na mkewe, ushahidi kwenye mkoba, wamevaa vizuri."

Lo! Nilitamani kuirudisha ile diski mkobani, lakini alikwishaweka kiganja juu yake. Akatueleza polepole kwamba filamu ni mali ya walioitengeneza, huko mbali, na kuitafsiri na kuiuza bila ruhusa yao ni kosa.

"Na yule mwizi?" nikafoka.

"Yuko nchi nyingine. Kitabu changu hiki kinaishia mpakani. Wao wana chao, na sijui kinasemaje kuhusu mashine. Hiki changu kiliandikwa wakati wa kanda."

"Basi achana na filamu. Kicheko je? Kile ni cha mama!"

Akafungua kitabu, akapitisha kidole. "Mwimbaji yumo. Mwigizaji yumo. Mpiga ala yumo." Akageuza ukurasa, akaurudisha. "Mchekaji simuoni."

Hata hivyo ilibidi akague, basi akaiweka diski kwenye kompyuta yake. Bibi harusi akabana pua, mama akaangua kicheko, na afisa naye akaanza kutetemeka mabega. Akajizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akashika meza. Mimi nikajua tumeokoka.

Alijifuta machozi, akaitoa diski. "Pole sana, dada. Leo ninawapa onyo la maandishi tu. Lakini hii lazima iharibiwe." Akaipitisha kwenye mashine ndogo iliyokuwa chini ya meza, na ikalia krrr.

Tulikuwa tumefika mlango wa nje, kwenye ngazi, akili iliponijia. Nilimuuliza mume wangu kama kuna nakala yoyote, popote. Akatikisa kichwa. Nikakaa palepale kwenye ngazi na onyo langu la maandishi, nikalia kwa sauti, sikujali nani anapita. Nilikuwa nimembeba mama yangu kwa mikono yangu mwenyewe, nikampeleka akasagwe. Mume wangu alikaa kando yangu.

Nikachukua simu, nikampigia mwizi. Angalau nipate wa kumtukana.

"Unamchekesha mama yangu makaburini!" nikaanza, na sikuvuta pumzi mpaka nilipomaliza.

"Kumbe yule ni mtu?" aliuliza wa upande wa pili, kijana mwenye sauti ya adabu. "Dada, wallahi nilidhani ni mlio tu wa kuchekesha. Nimeutoa kwenye rekodi, nikautengenezea kitufe. Nikibonyeza, anacheka."

"Unambonyeza mama yangu?"

"Samahani sana. Nafuta sasa hivi. Nimeshaweka kidole."

"Usifute!"

Nilipiga ukelele hadi mlinzi wa mlangoni akasimama wima. Machozi yakanirudia, nikamwambia ukweli wote, hadi ile krrr. Nikamwambia anitumie kicheko, na kwamba mama asicheke tena msibani, wala mtu akipigwa.

"Nitakutumia leo, dada. Lakini sasa acheke wapi?"

"Panapochekesha!"

"Filamu zangu hazichekeshi popote. Hata mimi nashangaa. Sauti ni ileile."

Hapo ndipo Sauti Saba, mtu wa kuyaacha, alipokasirika. Aliibiwa sauti hakukasirika, akapewa onyo hakukasirika. Aliipokonya simu mkononi mwangu.

"Mashine yako haijui kubana pua! Sikiliza, we kijana."

Na pale kwenye ngazi za Ofisi ya Hakimiliki, onyo letu bado halijakunjwa, akabana pua akawa bibi harusi anayekataa kuvishwa pete. Mlinzi akasogea. Ghorofa ya tatu dirisha likafunguka. Huko upande wa pili yule kijana akabonyeza kitufe, na mama akacheka kwenye simu, mahali palepale alipokuwa akicheka siku zote.

Mume wangu akanyamaza, simu mkononi, akasubiri mkwe wake amalize.