Paa la Odilon Lililokosa Hewa

Odilon Thibodeau hakutulia juma zima. Alikula chapati za ngano nyeusi akiwa amesimama, akatoka uani kutazama mawingu, akarudi, akatoka tena. Theluji ilikuwa inakaribia bonde lao, kaskazini ya jimbo la Maine, na upande wa mbele wa paa bado ulikuwa vigae vya lami.

Upande wa nyuma aliuezeka mwaka uliopita, mabati juu ya vigae vilevile. Baridi ilipokaza, dari ikaanza kudondosha maji. Akapaka lami kila msumari. Maji yakazidi.

Sasa mkewe, Réjeanne, alikuwa anashuka kutoka darini, magoti meusi kwa vumbi.

"Mbao zimeoza. Kidole kinaingia."

"Basi panavuja."

"Mvua gani ilivuja Januari iliyopita, mume wangu, nje kila kitu kikiwa kimeganda?"

Kaka yake Réjeanne, Clovis, fundi wa mapaa, akacheka. "Shemeji, mvuke wa masufuria yenu unapanda, unaganda kwenye mbao. Jua likitoka, unayeyuka, unawanyeshea. Kata uwazi kileleni, hewa itoke."

"Nitoboe paa ili lisivuje? Umelewa?"

"Kwa kinywaji gani? Nyumba hii sijapewa hata chai!"

Mwishowe Odilon akakubali. Lakini hewa ya kutokea juu ilihitaji pa kuingilia chini, na upenu wote ulikuwa umezibwa kwa mablanketi. Odilon alipanda ngazi, akashika ncha ya moja, asilivute.

"Baba aliziba mwenyewe," alisema. "Mama alikuwa mgonjwa, anatetemeka."

Réjeanne alikuwa amemshikia ngazi. "Najua. Mama hatetemeki tena. Vuta."

Akavuta. Lilitoka vipandevipande, na vumbi, na viota vya panya. Akafuta macho, akahamia la pili.

Baada ya hapo alifanya kazi kama anayefukuzwa. Waling'oa mabati ya nyuma, wakabadilisha mbao mbovu, wakakata kileleni, wakapigilia papi, vipande vyembamba vya mbao, juu ya vigae ili hewa ipite chini ya bati, wakaezeka mabati pande zote mbili, wakafunika uwazi kwa kofia yenye matundu. Juu ya dari wakatandika sufi nene, joto libaki vyumbani. Skrubu za mwisho zilifungwa theluji ikianguka.

Januari ilipofika, Odilon alipanda darini kila asubuhi, akipapasa mbao.

"Vipi?" Réjeanne aliuliza kutoka chini.

"Kavu."

"Basi shuka unywe kahawa."

"Ngoja nipapase na upande ule."