Kijiji cha Dunguni

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, katika ofisi ya utafiti pale Kibiti, kompyuta ilipoikataa modeli ya takwimu ya mtafiti Haidari. Maandishi mekundu yalisema hesabu haijatulia. Maji yakaanza kuchuruzika kutoka kwenye kibodi. Warda, msaidizi wake, akaleta ndoo.

Modeli ilitakiwa kutenganisha mambo mawili: kinachoua wajawazito kila mahali, na kinachowaua kwa sababu ya kijiji wanachokaa. Vijiji vikionekana kutofautiana, boti ya wagonjwa ingepelekwa deltani, kwenye vijiji vya mtoni. Visipotofautiana, ingewekwa Kibiti, karibu na wakubwa.

Haidari akaongeza mizunguko ya hesabu. Akageuza mita kuwa kilomita. Akabadilisha njia ya kukokotoa. Maji yakafika vifundoni. Alasiri akaingia Biasha, mke wa Saidy wa Mbuchi, kijiji cha deltani. Biasha alifariki masika iliyopita na uchungu wa uzazi, akisubiri boti ya kumpeleka hospitali. Akaketi kiti cha wageni, kanga zikimchuruzika.

"Shikamoo, mama," alisema Warda.

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia naitwa."

"Kompyuta hiyo, mama. Imekwama kwenye mstari wako."

Kweli ilikwama. Karani wa utafiti alimuuliza Saidy marehemu alikuwa akikaa wapi. Saidy akajibu, "Dunguni," maana ulikuwa msimu wa kulinda mpunga dhidi ya nguruwe, na watu huhamia shambani, kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo. Karani, mtu wa kuja, akaandika kijiji: Dunguni. Kijiji cha mkazi mmoja, na huyo mmoja kafa. Kompyuta haikujua ilaumu kijiji au imlaumu mwanamke.

Saidy aliitwa. Alimsalimia mkewe, kisha akamgeukia Haidari.

"Dungu ni kibanda changu, bwana mkubwa. Mwandikeni Mbuchi, yaishe."

"Mzee, data zimeshafungwa. Kurekebisha mpaka kibali kitoke Dar."

"Na kufuta?"

"Kufuta naweza hapa hapa."

Biasha akacheka mpaka kiti kikalia. "Umesikia, baba Sabra? Kunihamisha kibali, kunifuta bure!"

Haidari akafuta. Hesabu ikatulia papo hapo. Tofauti kati ya vijiji: sifuri. Sakafu ikakauka. Saidy aliporudi Mbuchi hakulikuta dungu, wala mashimo ya nguzo zake. Mpunga ulisimama pale kama umepandwa zamani.

Boti ililetwa Kibiti juu ya lori. Imeegeshwa nchi kavu, ng'ambo ya barabara, na wakubwa wamepiga picha ndani yake wakiwa wamevaa maboya.

Biasha hakuondoka, kwa kuwa hana pa kurudi. Warda humtandikia mkeka. Saidy huja kila Ijumaa baada ya swala, na mkate wa kumimina, akaketi mbele ya meza ya Haidari.

"Haya, niambieni nyinyi wenye modeli. Kama Dunguni hapakuwahi kuwepo, mke wangu alikuwa akisubiri boti wapi?"